Sekunde Arobaini na Moja kwa Kila Ng'ombe

Sekunde arobaini na moja. Anayesema huo ni muda mfupi hajawahi kusimama nyuma ya ng'ombe elfu sita wenye kiu, joto likiwa nyuzi arobaini na sita, akisubiri chuma kimalize kufikiri.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukifanya chuma kifikiri haraka. Naitwa Sechelela Chiwanga, fundi wa jedwali katika Mamlaka ya Malambo, makao makuu Dodoma. Kama kuna mtu anatafuta wa kumlaumu kwa yaliyotokea mwezi ule, asihangaike kwenda mbali. Ila naomba na Mkurugenzi Rwegoshora asisahaulike, maana yeye hupenda kusahaulika mambo yakiharibika.

"Nakupa siku tatu," aliniambia Jumatatu asubuhi, bila hata kunikaribisha kiti. "Ng'ombe wanafia foleni na simu zote zinakuja kwangu. Siku tatu, la sivyo nitamtafuta mtu anayeijua kazi."

"Mkurugenzi, nimeomba diski mpya mwaka wa nne huu."

"Diski zitoke wapi? Meli zimeacha kuja, na wewe unajua. Tumia akili, hiyo haiagizwi nje."

Hivyo ndivyo tulivyozoea kuongea. Nilimchukia kwa moyo wote na sikuona haja ya kuficha.

Tangu mito ikauke, maji ya mifugo yalikuwa yakitoka mahali pa aina moja tu: visima vya kina cha mita mia tisa, jumla yake mia mbili na kumi na viwili nchi nzima, kila kimoja nyuma ya lango la chuma. Ng'ombe anasogea, lango linasoma hereni ya sikioni, linaliuliza jedwali letu: huyu ni nani, ni wa nani, mara ya mwisho alikunywa lini? Jibu likirudi zuri, mkono wa chuma unanyanyuka, ng'ombe anapata lita zake arobaini na harudi mpaka siku mbili zipite. Jibu likirudi "hayupo", mnyama huyo anahesabiwa wa wizi. Anawekwa pembeni, na lori la Mamlaka linakuja kumbeba kwenda machinjioni. Mkono wenyewe haukuwekewa mpini. Waliojenga hawakutaka mlinzi wa lango awe na chochote cha kuuza.

Kila mara mnyama alipokunywa, mstari mmoja uliongezeka kwenye jedwali. Kwa miaka ishirini na miwili mistari ilikuwa imefika bilioni sitini na moja. Zamani jedwali lilikuwa na faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu inayokuonyesha jambo fulani liko ukurasa gani. Rwegoshora aliifuta ili apate nafasi kwenye diski, enzi hizo jedwali likiwa dogo na hakuna aliyeona tofauti. Kuijenga upya kulitaka nafasi ambayo hatukuwa nayo. Basi kila lango lilipouliza habari za ng'ombe mmoja, mashine ilianza mstari wa kwanza ikasoma hadi wa mwisho, sawa na mtu anayemwaga ghala zima la mtama kutafuta punje moja.

Siku ya pili nikaona njia. Mistari ilikuwa imelala kwenye diski ishirini na sita, moja kwa kila mkoa, kufuata anwani ya mwenye mali. Nikajiuliza, kwa nini lango la Singida lisome ng'ombe wa Kagera? Nikaandika swali upya: kila lango liulize diski ya mkoa wake tu, nyingine liziache zilale. Kazi yote ilikuwa mistari kumi na minne. Tulipoiwasha Jumatano mchana, sekunde arobaini na moja zilishuka hadi moja na nusu.

Chumba kizima kilipiga makofi. Rwegoshora alinikumbatia, jambo ambalo sitaki lijirudie. Na mimi, nakiri, nilijiona mtu. Nilikwenda nyumbani nikalala bila kula.

*

Alhamisi saa tisa alasiri nilifungua orodha ya waliokataliwa. Kwa kawaida huwa na wanyama thelathini au arobaini kwa siku, wezi halisi na hereni zilizoharibika. Siku hiyo orodha haikuwa na mwisho. Nilipiga hesabu mara mbili: kila ng'ombe mmoja kati ya wanane alikuwa amekataliwa, nchi nzima, na wengi wao walikuwa wameanza kukataliwa tangu jana yake mchana.

Nikaanza kusoma majina ya wenye mali. Ukurasa wa tatu nikasoma la kwangu.

Sechelela Chiwanga. Anwani, Dodoma. Wanyama kumi na mmoja. Lango la Saba, Manyoni, mkoa wa Singida. Jibu: hayupo.

Mimi sina ng'ombe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiamini. Kisha nikamkumbuka baba, aliyefariki miaka mitatu nyuma, jinsi alivyokuwa akizungumzia mezani ng'ombe wake walioko kwa mama mmoja kule Manyoni, nami nikiitikia "ndiyo baba" huku nikiangalia simu. Alipokufa, jedwali lilibadilisha jina lenyewe. Halikuniambia, na mimi sikuuliza.

Hapo nikaelewa nilichofanya. Wafugaji wetu hawaweki ng'ombe wote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukiingia au nyasi zikiisha, mtu hufilisika kwa wiki moja. Basi humpa rafiki wa mbali, na akiwa mbali zaidi ndiyo vizuri, ng'ombe wa amana. Mlezi anakamua maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Siku Mamlaka ilipopita kuvisha hereni, kila mlezi alisema kweli: huyu si wangu, mwandike fulani wa mkoa fulani. Mlezi aliyeandikisha amana kwa jina lake angeitwa mwizi mpaka wajukuu. Kwa hiyo jedwali lilikuwa na uaminifu wao wote ndani yake, mkoa kwa mkoa, na mimi nilikuwa nimeukata vipande kwa mistari kumi na minne. Mtoto wa mfugaji, nisiwaze hata mara moja!

Nilimkuta Rwegoshora akinywa chai.

"Rudisha swali la zamani," nilimwambia. "Lango lisipompata mnyama kwenye mkoa wake, liulize mikoa yote."

"Kila atakayeulizwa hivyo anakula sekunde arobaini na moja?"

"Ndiyo."

"Na ni mmoja kati ya wanane? Foleni inarudi ile ile." Aliweka kikombe chini. "Juzi walikuwa wanakufa wote, leo saba kati ya wanane wanakunywa. Wewe unataka niende kwa waziri nikamwambie tumeamua warudi kufa sawasawa?"

"Hao wa nane si wezi, Mkurugenzi!"

"Sheria inasema asiyeonekana ni wa wizi. Sikuitunga mimi. Lori linapita kesho saa sita." Akanitazama. "Kuna kitufe langoni, mlezi anaweza kubadili mmiliki akaandikisha jina lake. Wabonyeze waokoke. Wasipotaka, hiyo ni mila yao, si jedwali langu."

Laiti ningemrushia ile chai. Nilichukua ufunguo wa gari la kazi nikaondoka.

*

Nilifika Lango la Saba Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi. Foleni ilikuwa inakwenda vizuri, ng'ombe baada ya ng'ombe, na hilo liliniuma zaidi, maana lilikuwa zuri kweli. Pembeni, ndani ya uzio wa waya, walisimama waliokataliwa, kama mia nne hivi, ndimi nje. Watu wao walikuwa wamekaa chini wakiwa wamewapa mgongo wanaokunywa.

Mlinzi wa lango, kijana mrefu aitwaye Ndahani, aliiona nembo ya gari akaja akiwa amekunja uso.

"Mmekuja kuhesabu nyama?"

"Namtafuta mlezi wa ng'ombe wa Chiwanga."

Alinyoosha kidole kuelekea uzio. Mwanamke wa miaka sitini hivi, amejifunga kaniki, alikuwa anamwagia ndama maji ya chupa yake mwenyewe puani.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia marahaba. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Sura ya Chiwanga," alisema. "Mimi ni mama Chilongani. Ng'ombe zako wako hapa tangu juzi. Zamu yao ilikuwa juzi, wakaambiwa hawapo. Nimewalea miaka kumi na tisa, leo chuma kinaniambia hawapo. Nani kakifundisha?"

Ningeweza kudanganya hapo. "Mimi, mama."

Watu waligeuka. Mwanamume mmoja alitema mate karibu sana na mguu wangu. Ndahani alicheka kicheko kibaya. "Huyu! Karne hii tunauawa na mtoto wa nyumbani."

Nilifanya haraka kueleza. Nikamwonyesha mama Chilongani kitufe, nikamwambia aweke kidole gumba aseme ng'ombe ni wake, wanywe sasa hivi.

"Si wangu."

"Mimi ndiye mwenyewe, na nakupa. Mbele ya watu wote hawa, nimekupa."

"Ng'ombe hatolewi langoni na mtu mwenye haraka," alijibu. "Baba yako alikuja na ndugu zake, tukala, tukasemezana siku mbili. Wewe umekuja na gari. Nikibonyeza hapo, kesho itasemwa nilimnyang'anya yatima mali yake. Na hawa je?" Alionyesha waliokaa chini. "Wenye ng'ombe zao wako Mbeya, wako Mara. Hawakuja na gari. Wao wabonyeze wawe wezi, au wachinjiwe?"

Hakuna aliyebonyeza. Kitufe kilikuwa wazi pale siku mbili nzima, kinang'aa kijani. Watu mia moja na zaidi walikuwa wakitazama mifugo inakufa, na hakuna hata mmoja aliyesema neno moja la uongo ili aokoke. Rwegoshora angewaita wajinga. Mimi niliona aibu.

Kulikuwa na njia moja, na nilikuwa nimeifikiria usiku kucha. Mashine inaweza kupita jedwali lote mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, ikiangalia kila mnyama hunywea mkoa gani na mwenyewe kaandikwa wapi. Wale wasiolingana inawanakili kwenye diski ya mkoa wanakonywea, kama mwenyeji anayeandika majina ya wageni wake. Baada ya hapo kila lango litawaona wake na wageni, kwa sekunde moja na kidogo. Lakini kazi hiyo hula diski zote kwa saa tisa. Muda huo hakuna lango litakalojibiwa, wala mkono wa chuma utakaonyanyuka, nchi nzima, mchana wa jua. Ningengoja jioni kupoe, lori lingekuwa limekwishapita kila mahali. Nikianza sasa, jedwali linafungwa, na orodha ya kukamata inafungwa nalo.

Nikapiga hesabu nyingine, ile ambayo sikuisema. Ng'ombe walio kwenye foleni wangeweza kuvumilia saa tisa. Walio ndani ya uzio walikuwa wamekwisha kuruka zamu moja. Miongoni mwao wangekufa wachache kama jedwali likifungwa, au wote kama lisipofungwa. Na ukiwatazama kwa macho tu, wa kwanza kwenda chini wangekuwa wale kumi na mmoja.

Nilimpigia Rwegoshora. "Nafunga jedwali kwa saa tisa."

"Ukithubutu nitakufunga wewe! Sechelela! Umesikia—"

Nilikata simu. Nikafungua kishikwambi.

Mama Chilongani alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ukifunga hicho kitu, hawa watafika jioni?"

Alikuwa ananiangalia usoni. Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba nikilisema, watu hawa wataninyang'anya kishikwambi, na ng'ombe laki mbili wa amana nchi nzima watapakiwa kwenye malori saa sita.

"Watafika, mama," nikasema.

Nikaweka kidole. Mkono wa lango ulishuka na haukupanda tena.

Sitaki kuyaeleza yote ya saa zile tisa. Foleni ilinitukana kwa lugha nne. Ndahani ndiye aliyezuia nisipigwe, ingawa alisema wazi hafanyi hivyo kwa kunipenda, anaogopa kuandika ripoti. Lori lilikuja saa sita, dereva akaomba orodha, hakukuwa na orodha, akageuza. Saa saba ng'ombe wa kwanza alipiga magoti ndani ya uzio. Mama Chilongani alikaa karibu na kichwa chake akimfunika kwa kaniki yake. Mpaka saa kumi alikuwa amekwisha kufunika watatu, na alikuwa haniangalii tena.

Saa kumi na mbili kasoro robo lango liliwaka. Mgeni wa kwanza alisogea, ng'ombe wa mtu wa Mara, akasomwa, mkono ukanyanyuka kabla hajamaliza kuinua kichwa. Watu walipiga kelele za furaha, wakiwamo walionitukana. Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikatapika.

*

Hawakunifunga. Nchi nzima walikufa ng'ombe mia nne na kumi na wawili saa zile, na waliosalimika walikuwa laki mbili, hivyo Rwegoshora aligundua haraka kwamba wazo lilikuwa lake. Siku ya kumi na tatu aliita waandishi wa habari uwanjani kwa Mamlaka. Alinisimamisha nyuma yake kama mwavuli.

"Sekunde moja nukta saba," alikuwa akisema, "na hakuna mfugaji mwaminifu aliyeachwa nje."

Hapo mama Chilongani akaingia getini. Alikuwa na punda mmoja na ng'ombe wanne waliokonda, amewaswaga kwa miguu kutoka Manyoni. Askari wa geti alimshika mkono, naye akauondoa mkono wa askari kama anayefukuza nzi. Alikuja moja kwa moja hadi nilipo, akafungua kamba za mzigo wa punda. Zilianguka ngozi saba, zimekauka, na kwenye kila moja sikio lilikuwa bado lina hereni.

"Ng'ombe wa amana akifa," alisema, "mlezi humpelekea mwenyewe ngozi, asije akadhaniwa kamla. Na mwenyewe ana neno lake. Liseme."

"Neno gani, mama?"

"Kumbe hata hilo hujui. Unaniuliza, 'Amekufaje?' Mimi nakujibu kweli. Ukiridhika unasema, 'Nimepokea.' Ngozi kwa ngozi."

Rwegoshora alisogea. "Mama, tuna shughuli hapa, naomba—"

"Wewe huna ng'ombe kwangu," alimwambia, na Rwegoshora akarudi nyuma hatua moja. Kamera zilikuwa zimekwisha kugeuka.

Nikashika ngozi ya kwanza. "Amekufaje?"

"Kwa kiu, langoni."

"Nimepokea."

"Na huyu," akasema, akinipa ya pili.

"Amekufaje?"

"Kwa kiu, langoni."

Tulikwenda hivyo. Kufikia ya nne sauti ilikuwa hainitoki vizuri, naye alingoja mpaka itoke. Hakupunguza neno wala kuongeza, isipokuwa kwa ile ya saba. "Huyu alikuwa na mimba ya miezi minane. Kwa kiu, langoni."

"Nimepokea," nikasema, nikilia mbele ya watu wote.

Akanikabidhi kamba za wale wanne. "Na hawa ni wazima. Wanarudi."

"Hapana, mama. Baki nao. Kaa nao, nakuomba. Wajukuu wako watakunywa nini?"

"Chai ya rangi."

"Mama, nilikuwa sina njia. Laki mbili walipona."

"Najua walipona. Nimewaona, na nimefurahi." Alisema bila hasira, na ingekuwa heri angenipiga. "Nilikuuliza watafika jioni. Ulijua hawafiki."

Nilizitazama ngozi.

"Ungeniambia, pengine ningekukatalia. Pengine ningekuambia funga. Sijui. Lakini lingekuwa langu kusema. Baba yako aliniachia ng'ombe miaka kumi na tisa bila karatasi, kwa sababu mimi nilikuwa namwambia kweli na yeye alikuwa ananiambia kweli. Hakuna kingine kilichokuwepo kati yetu. Mtu asiyeniambia kweli siwezi kumlelea ng'ombe."

Akageuza punda wake, akapita katikati ya waandishi, akatoka getini. Rwegoshora alikohoa, akarudia habari za sekunde moja nukta saba. Nilibaki nimeshika kamba za ng'ombe wanne ambao kila mmoja alikuwa na jina lake, na mwenye kuyajua majina hayo alikuwa amekwisha ondoka.